Sauti ya Tusekile Majini

Siku Bupe alipomsikia marehemu akiita kwa mara ya kwanza, alikuwa ameshika perege jike, na kidole gumba chake kilikuwa ndani ya mdomo wa samaki huyo.

"Usimbane," Ambokile alimwelekeza. "Mfungue taratibu, kama unavyomfungua mtoto anayekataa dawa. Mwinamishe kwenye beseni, mtikise kichwa kidogo. Atayaachia mwenyewe."

Bupe akamwinamisha. Mayai yakamwagika kutoka mdomoni mwa mama yao, ya njano kama punje za mahindi machanga, yakatua chini ya beseni bila sauti. Perege wa Ziwa Nyasa hulea mdomoni. Jike akishataga, huyakusanya mayai kinywani na kukaa na njaa mpaka watoto watoke. Hata wakishatoka, wakiona hatari hukimbilia humohumo. Lakini kwenye kituo hiki cha kuzalisha samaki, alikotumwa Bupe na chuo chake kujifunza kazi, hapakuwa na nafasi ya kungoja hayo yote. Mayai yalichukuliwa mapema, yakatotolewa kwenye chupa zenye maji yanayozunguka, ili jike arudi kutaga upesi.

Jike yule, baada ya kumwagwa, aliendelea kufungua na kufunga mdomo kama mtu anayetafuta neno lililompotea. Ambokile akamfunika macho kwa kitambaa kilicholowa kabla ya kumrudisha kwenye tangi. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Alikuwa msimamizi wa kituo kizima, mtu mnene mwenye mikono ya mkunga.

Ndipo sauti ikapita sakafuni. Bupe aliisikia kwa nyayo kabla ya kuisikia kwa masikio.

"Njooni, wanangu. Njooni, njooni. Chakula tayari."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, yenye kicheko kilichojificha ndani yake.

"Nani huyo?"

"Tusekile."

"Yuko wapi, nikamsalimie? Wenzangu wote wameshanikaribisha, yeye bado."

Ambokile alifuta mikono kwenye aproni yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Yuko kwenye migomba, nyuma ya nyumba ulikopangiwa chumba."

"Analima?"

"Hapana, binti. Tulimzika pale."

Akamtoa nje kumwonyesha. Ziwa Nyasa asubuhi ile lilikuwa jeupe kwa ukungu, na chini ya ukungu maji yalikuwa yanabadilika rangi. Weusi ulikuwa unasogea kuelekea ufukweni, na ulipokaribia Bupe akaona kuwa ni migongo. Maelfu ya perege wakubwa walikuwa wanakuja, vichwa vyote vikitazama upande mmoja. Hakuna aliyempita mwenzake wala aliyerusha maji. Waliingia kwenye bomba pana lililokuwa wazi chini ya kibanda cha ukingoni, kama wanafunzi wanaoingia darasani, wakatokea upande wa pili kwenye bwawa la maji ya barafu. Humo walilegea, wakalala ubavu.

"Chuoni mmefundishwa kuvua?" Ambokile aliuliza.

"Tumefundishwa kwenye picha."

"Basi hapa hatuvui." Alijaribu kucheka. "Hapa tunaita."

*

Nyavu zilikuwa zimepigwa marufuku tangu ile miaka ya maji ya kijani, samaki walipoelea wamekufa kutoka Kyela hadi ng'ambo, na watu wakazoea kula wali mtupu. Waliorudisha samaki ziwani ni watu wa vituo kama hiki. Lakini walijua kwamba samaki akiachiwa tu, hataonekana tena. Ndipo likatengenezwa tone moja la dawa ambalo wafanyakazi waliliita gundi. Yai likipata gundi, sauti ya kwanza kupita kwenye maji yake hunata humo. Kifaranga hukua nayo, huenda nayo kilindini, na ikimwita, huja. Tusekile ndiye aliyekuwa akikaa na zile chupa, akiongea nazo kutwa nzima huku akifanya kazi zake. Homa ilipomchukua, sauti yake ilibaki.

Nyumba aliyolala Bupe ilikuwa ya Mzee Mwaisaka, baba mkwe wa marehemu. Ilitenganishwa na kituo kwa uzio wa waya na miti michache ya kakao. Alilala chumba kimoja na Lugano, binti wa Tusekile, aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele. Baba yake mtoto aliendesha malori ya Zambia, na nyumbani alionekana kwa nadra.

Mzee Mwaisaka alikuwa mtu wa vitendo vidogo. Bupe akiamka, alikuta ndoo ya maji ya moto mlangoni, na juu ya mfuniko kipande cha sabuni. Akirudi amelowa, alikuta moto umeshakokwa. Mzee hakungoja kushukuriwa. Lakini kila asubuhi, sauti ilipoanza kuita, aliacha chochote alichokuwa akifanya, akavua kofia, akageuza kigoda chake, akakaa ziwa likiwa mgongoni mwake mpaka sauti iishe.

Siku moja, walipokuwa wakianika kakao pamoja, Bupe alijipa moyo.

"Samahani, Babu. Kwa nini huwa unageuka?"

"Yule si mkwe wangu?" Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mkwe na baba mkwe wanatazamana? Wewe umelelewa wapi?"

"Mbeya mjini, Babu."

"Aa. Ndiyo maana." Akacheka, akageuza punje za kakao kwa kiganja. "Hatukuwahi kukaa naye chumba kimoja. Uso wake sikuwahi kuutazama sawasawa. Ndiyo heshima yenyewe. Vijana wa sasa wameiacha, lakini yeye aliishika, nami nikaishika."

"Lakini amefariki, Babu."

"Nimemzika kwa mikono hii, najua." Akaokota punje iliyooza, akaitupa. "Sasa mbona unamsikia?"

Bupe akarudi kwenye kakao.

Lugano naye alikuwa na namna yake. Sauti ilipoita, alikwenda kwenye uzio akashika waya kwa vidole, akasimama hapo bila kupepesa macho, miguu pamoja, uso ukitazama walikotazama samaki. Bupe alimfuata asubuhi moja akachuchumaa kando yake.

"Anawaita kina nani?" mtoto aliuliza.

"Samaki."

"Anasema wanangu."

"Ni namna ya kuita tu, mdogo wangu."

"Mimi ndiye mwanawe." Hakulia. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. "Dada Bupe, mbona mimi haniiti?"

*

Kile kifaa kilichoitwa Kinywa kilikaa ndani ya kibanda juu ya bomba. Kwa kukitazama hakikuwa na ajabu yoyote: sanduku la chuma, kioo kimoja kilichoonyesha kila samaki kama nukta, na nyaya zilizoshuka majini.

"Usidhani ni kanda inayorudia," Ambokile alimwambia. "Kilimsikiliza Tusekile kwa muda wote aliokaa hapa. Namna anavyovuta pumzi, anaponyamaza, anapocheka, vyote kimevishika. Sasa kinaongea chenyewe. Kinasikiliza maji. Maneno yakileta wengi, kinayakumbuka. Yasipoleta, kinayaacha. Mwanzoni kilikuwa kinasema 'njooni' tu. Hiyo ya 'chakula tayari' kimeiongeza mwaka jana."

"Nani alikifundisha?"

"Samaki." Ambokile akakuna shingo. "Mimi huwa sikai humu sana."

Bupe alikaa humo sana, maana ndiyo kazi waliyopewa wanafunzi. Na kila alipokaa, alimwona Lugano kwenye uzio. Siku moja mtoto alikuwa amechanwa nywele vizuri. Kesho yake ilikuwa siku ya kuzaliwa kwake, na baba alikuwa ameahidi kuja, halafu akapiga simu kwamba lori limekwama mpakani.

Moyo wa Bupe ulikuwa mwepesi kwa watoto. Akatazama huku na huku, akaandika kwenye kioo neno moja.

Kinywa kilikaa kimya kwa muda, kama mtu anayekumbuka. Kisha kikasema, polepole kuliko kawaida:

"Lugano. Lugano, mwanangu. Njoo."

Mtoto aliruka kama aliyeguswa na umeme. Akazunguka uzio mbio, akapita pale waya ulipolegea, akashuka mpaka ukingoni. Akasimama na miguu yake midogo ndani ya maji, akicheka, pengo la meno likionekana, mikono yote miwili ameinua juu. Bupe naye alijikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Alidhani amempa mtoto zawadi ambayo hakuna duka lililonayo.

Hakukitazama kioo. Angekitazama, angeona nukta moja mpya ikiwaka pale kwenye maji ya kina kifupi. Kinywa hakikujua mtoto ni nini. Kilijua kimeita, na kitu kimekuja.

*

Baada ya hapo mambo yaliharibika kidogo kidogo, kwa namna ambayo mtu angeweza kujiambia hayajaharibika.

Jina la Lugano lilianza kusikika katikati ya wito wa asubuhi. Bupe alilifuta kwenye kioo, na kesho yake likarudi. Kisha Kinywa kikaanza kuita nje ya saa zake. Mchana wa jua kali, watu wakiwa wanakula, ungesikia sakafu inatetemeka, na sauti ile ya kicheko inasema taratibu kwamba chakula kiko tayari, Lugano, chakula tayari.

Mtoto alikonda. Ukimwita kwa nyuma hakugeuka, labda umguse bega. Mezani alikaa akifungua na kufunga mdomo, sahani mbele yake haijaguswa. Mzee alimbadilishia vyakula: ndizi za nazi, uji wa ulezi, na hata yai la kuku wake wa pekee aliyekuwa anataga.

"Ana minyoo huyu," Mzee alisema, lakini macho yake hayakusema minyoo.

Bupe alijua alipaswa kumweleza Ambokile. Kila asubuhi aliondoka nyumbani na maneno tayari mdomoni. Alipofika, Ambokile alikuwa anamtania, "Mtu wa chuo, umekunywa chai?" na kumkabidhi kikombe, na maneno yakarudi chini pamoja na chai.

*

Ambokile alikuwa amepeleka samaki zahanati, kwa ajili ya mchuzi wa kina mama waliojifungua. Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi uliopita, na ukungu umekaa juu ya ziwa hata ufukwe hauonekani vizuri. Bupe alikuwa kwenye matangi ya mbali, akiwapa vifaranga chakula. Ghafla vifaranga wote waligeuka kwa pamoja, wakaacha chakula kikielea, wakapanga vichwa kwenye ukuta wa tangi uliotazama ziwa.

Kisha nyayo zake zikasikia.

"Njoo, mwanangu. Njoo, Lugano. Usiogope maji."

Hayo ya mwisho hayakuwahi kusemwa na mtu yeyote pale.

Bupe alikimbia. Alipofika ufukweni alimwona mtoto, maji yakiwa kifuani, anatembea polepole kuelekea kwenye bomba. Lango lake lilikuwa wazi na maji yalikuwa yanavutwa ndani. Perege walikuwa wamemzunguka pande zote, wamesongamana hata maji hayaonekani. Walimfuata kwa mwendo wake uleule, na midomo yao ilifunguka na kufungwa pamoja na wa kwake.

"Lugano! Rudi!"

Mtoto hakusikia. Bupe akajitosa, lakini miili ile ya utelezi ilimbana mapaja, ikampotezea hatua. Kila alipopiga hatua moja, mtoto alipiga mbili.

"Karibu, mwanangu. Karibu, umeshafi—"

Sauti ikakatika katikati ya neno.

Kwenye ukungu nyuma yake mtu alikuwa amekohoa.

Mzee Mwaisaka alikuwa anashuka kutoka kwenye kakao, akimtafuta mjukuu wake. Alikuwa ameisikia sauti ya mkwe wake karibu kuliko alivyopaswa kuisikia, akafanya lile alilolifanya maisha yote kila alipopita kwenye njia ya kituo Tusekile akiwa kazini. Alikohoa, ili mkwe ajue baba mkwe anakuja, apate kujisitiri. Na Tusekile, kila mara, alinyamaza papo hapo. Kinywa kilikuwa kimelishika hilo pia.

Perege wote wakasimama. Mtoto akasimama, maji kidevuni.

"Babu!" Bupe alipiga kelele. "Kohoa tena! Usiache!"

Mzee hakuuliza. Alikohoa. Na kwa sababu ndivyo alivyokuwa, aligeuka akalipa ziwa mgongo, kofia mkononi, akaendelea kukohoa akitazama miti. Alipotulia kuvuta pumzi, sauti ilianza: "Luga—" Akakohoa, ikanyamaza. Alikohoa mpaka koo likakwaruza, mpaka akainama na kushika magoti. Hakugeuka kutazama kama mjukuu wake anazama au anaokolewa. Angegeuka, angemkabili mkwe.

Bupe alimfikia mtoto, akamkamata kwapani. Alimburuta kupitia samaki wale waliokuwa wamesimama kama watu msibani, akampandisha mchangani. Mzee bado anakohoa. Alikohoa hadi Ambokile aliporudi, akaelewa kwa kutazama tu, akaruka kwenye mpini wa lango na kulifunga kwa mikono yake.

*

Bupe alisema yote jioni ile ile, kwenye sebule ya Mzee, mtoto akiwa amelala kwenye mkeka na khanga mbili juu yake. Hakujificha nyuma ya neno lolote. Ambokile alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka akamletea maji ya kunywa, maana aliona midomo yake imekauka.

"Lifute jina," Mzee alisema kwa sauti iliyobaki.

"Haling'oki peke yake, Mzee. Ni kama chumvi kwenye mchuzi." Ambokile alikaa. "Na Kinywa hakizimwi nusu. Ukikikata, kinasahau yote, kinabaki bati. Sauti ya Tusekile itakuwa imekwisha. Na wale walioko ziwani hawajui sauti nyingine. Hatutawaona tena."

"Kwa hiyo?"

Ambokile alitazama mikono yake. "Kwa hiyo nasema, tena nasema kwa uchungu, mtoto aende Mbeya kwa shangazi yake. Mbali na maji. Kuna watu wengi wanaokula hapa. Kuna mama amejifungua mapacha jana, nimempelekea mchuzi mwenyewe leo, ameunywa akiwa amefumba macho. Nikikizima, nimwambie nini?"

"Mtoto hajakosa," Bupe alisema.

"Hata mama wa mapacha hajakosa."

Hilo lilikuwa kweli. Bupe alimwona Lugano Mbeya, nyumba isiyo yake, akijua kwamba mama yake amebaki ziwani anaita wengine. Kisha akamwona yule mama wa zahanati na bakuli tupu. Kila alipojaribu kumshika mmoja, mwingine alimponyoka.

Mzee ndiye aliyeinuka.

"Mimi ndiye mkubwa wake," alisema. "Aliolewa kwangu. Alifanya kazi akiwa hai, amefanya kazi akiwa mfu, na hakuna aliyemuuliza. Leo kazi hiyo imekaribia kumla mwanawe, na yeye mwenyewe hajui. Mama gani angetaka hivyo? Nipelekeni."

Ambokile angeweza kuukalia mlango. Alikuwa na haki, na alikuwa na mwili wa kutosha. Badala yake alishika taa akatangulia, akimmulikia mzee pale penye matope.

Ndani ya kibanda, Mzee Mwaisaka aliomba kigoda, akakigeuza, akakaa akiwa amekipa Kinywa mgongo. Alikohoa mara moja. Kinywa kikanyamaza. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alizungumza naye.

"Mkwe wangu," alisema. "Mtoto wako mzima. Anakula kidogo, lakini atakula. Umewalisha watu wengi. Ndaga, asante. Sasa pumzika."

Bupe alikuwa ameshika swichi. Ni yeye aliyeomba iwe mkononi mwake. Kwenye kioo, nukta zilikuwa zinasogea. Samaki walikuwa wanakuja, ingawa hakuna aliyewaita, wanakuja kwenye ule ukimya wenyewe. Na ndani ya ukimya, sasa kwa kuwa alikuwa karibu, alisikia kwamba haukuwa mtupu. Kulikuwa na mchakacho mdogo wa nguo, kama mwanamke anayevuta khanga kichwani. Kisha sauti ya magoti yakigusa sakafu.

Mzee naye alisikia. Aliinamisha kichwa.

Bupe akazima.

*

Kinyume na hofu ya Ambokile, perege waliendelea kuja. Kila asubuhi walijipanga mbele ya lango lililofungwa, wakisubiri, midomo ikifunguka na kufungwa. Sheria ya nyavu ilikuwa bado sheria, na hata kama isingekuwa, hapakuwa na mtu aliyekuwa na moyo wa kuwagusa, wala wa kuwafungulia lango, wakiwa wamesimama vile. Watu walikuja na mabeseni, wakatazama, wakarudi. Makao makuu walimwandikia Ambokile atafute sauti mpya haraka. Alijibu kwa adabu kwamba anatafuta.

Hakuna aliyemtukana Bupe. Pengine angependa wamtukane. Mama wa mapacha, aliposikia habari nzima, alimtuma mumewe na kikapu cha ndizi zilizoiva, kwa ajili ya Lugano, "ajaze mashavu."

Mtoto alikuwa ameanza kula. Asubuhi moja alikaa na babu yake karibu na migomba, Bupe akiwa anawamenyea viazi.

"Babu, mama alikuwaje?"

Mzee alifikiri. "Uso wake siwezi kukueleza. Lakini nikirudi kutoka shambani nilikuta chakula kimewekwa kizingitini, kimefunikwa. Kila siku kilikuwa cha moto. Nirudi mapema, nichelewe, ni cha moto. Maana yake alikuwa anasikiliza hatua zangu tangu mbali. Mvua ikinyesha, kigoda changu nilikikuta kimeshaingizwa ndani. Siku nilipougua mguu, nilikuta fimbo imeegemezwa mlangoni, imechongwa, imepakwa mafuta mpini usinichubue. Sikumwona akiileta." Akamshika mtoto kichwa. "Huyo ndiye mama yako. Mimi nimemfahamu hivyo."

Lugano alilaza kichwa begani mwa babu yake. Kisha akainuka, akamshika Bupe kidole. "Twende nikawaambie."

Bupe alimshika gauni kwa nyuma, kwa nguvu, mpaka ukingoni. Samaki walikuwepo, weusi, kimya, wamejaa hadi kwenye ukungu.

"Nendeni," Lugano aliwaambia. "Mama amelala. Nendeni mkacheze."

Aliisema kwa sauti ya chini, yenye kicheko kilichojificha ndani yake.

Perege wote waligeuka. Waligeuka mara moja, kama nguo inayogeuzwa, wakamtazama yeye. Kisha, kwa utii, safu baada ya safu, wakaanza kurudi kilindini, mpaka maji yakawa maji tu.

Bupe aliposikia mchanga ukikanyagwa, akageuka. Ambokile alikuwa amesimama nyuma yao, beseni tupu chini ya kwapa. Alikuwa ameona yote. Alitazama ziwa, akamtazama mtoto, akamtazama mtoto tena. Bupe aliliona wazo likifika usoni mwa Ambokile na kukaa. Nyuma yake, juu kwenye lango la kituo, zilisikika sauti za wanawake waliokuwa bado wanakuja na mabeseni yao. Bupe akamvuta Lugano, akamweka nyuma ya sketi yake.

Ambokile alisimama hivyo kwa muda mrefu.

"Masikio yangu siku hizi," alisema mwishowe, "sijui yamefanya nini. Sijasikia kitu." Akalihamishia beseni kwapa la pili. "Mpelekeni mtoto akanywe chai."

Akalifunika beseni kichwani kujikinga na jua lililoanza kutoka, akapanda kwenda kuwaambia wale kina mama kwamba leo hakuna samaki.